Daftari la Zamu ya Usiku

Daftari lilikuwa na jalada gumu jeusi, kurasa zake zimepigwa namba tangu kiwandani ili mtu asichane hata moja bila kujulikana. Lilikaa juu ya meza ya askari wa bweni, kalamu imefungwa kwa uzi. Kila nusu saa unainuka, unapita vitanda, unahesabu vichwa, unarudi, unaandika saa na sahihi. Kama hakuna kilichotokea unaandika hivyo hivyo: hakuna la kuripoti. Sidhani kuna maneno mengine niliyoandika mara nyingi zaidi maishani mwangu, labda jina langu tu.

Nilianza kazi hiyo mwaka 1991, katika gereza la wanawake la jimbo moja la Marekani ambalo sitalitaja. Nilikwenda nchi ile nikimfuata mume aliyekuwa akisoma. Masomo yakaisha, ndoa nayo ikaisha, nikabaki na watoto wawili na kodi ya nyumba. Tangazo la kazi ya magereza lilikuwa limebandikwa ukutani mahali tulipokuwa tukifulia nguo. Walitaka cheti cha sekondari na mtu asiyeogopa kukesha.

Mama yangu mdogo alikuwa askari magereza Kingolwira, Morogoro, kwa hiyo nilijiona mwenyeji wa mambo hayo. Kwa alivyokuwa akitusimulia, mlangoni mwa bweni la wanawake anakaa mwanamke, basi. Usiku wangu wa kwanza kazini, aliyenikabidhi funguo za bweni alikuwa mwanamume, na alfajiri aliyezipokea alikuwa mwanamume mwingine. Jumapili nikampigia simu mama mdogo. Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika, kisha akauliza, "Mwanangu, na wakioga?" Nikamwambia kuna pazia. Sikumwambia kwamba pazia lenyewe lilikuwa fupi.

Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1955 zilikuwa zimelisema jambo hilo waziwazi: wafungwa wanawake walindwe na maofisa wanawake, na mwanamume asiingie sehemu yao ila akifuatana na ofisa mwanamke. Marekani ilifuata njia yake. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, iliyopanuliwa mwaka 1972 ikawabana na waajiri wa serikali za majimbo, inakataza kumnyima mtu kazi kwa sababu ya jinsia. Wanawake wengi niliowafahamu walijenga nyumba kwa mishahara ya kulinda magereza ya wanaume, kwa hiyo siwezi kuilaani sheria hiyo. Lakini mtunga sheria hakuwa amekaa na funguo za bweni la vitanda 60 saa nane usiku.

Mfungwa wa kwanza ninayetaka kumsimulia nitamwita Mama wa Jikoni. Ilikuwa mwaka 1994. Alikuwa mnene kidogo, mcheshi, mtu wa kukaanga vitunguu huku anaimba. Akaacha kuimba. Usiku mmoja wakati wa hesabu alinishika mkono wa shati, jambo lililokatazwa kabisa, akaniambia jina la askari mwenzangu na kitu alichomfanyia kwenye stoo ya unga. Aliniambia kwa sentensi tatu. Wafungwa waliniita Miss T, kwa kuwa jina langu la ukoo liliwashinda. "Miss T," akasema, "sikukwambia wewe ili uandike."

Sikuandika. Nilimwambia kiongozi wangu wa zamu, naye akamwambia mkuu wa gereza. Mkuu alikuwa mtu mwema, nasema hivyo mpaka leo, na alikasirika kama mzazi. Akamwita yule askari ofisini, akamsukumia karatasi: andika ulichokifanya, la sivyo kesho usikanyage hapa. Jamaa akaandika kurasa mbili. Sisi wa zamu ya usiku tukapongezana. Tulidhani kesi imekwisha, kumbe ndiyo tulikuwa tumeiua.

Maana ya hilo niliielewa miaka mingi baadaye. Wakati ule tuliambiwa tu kwamba mwendesha mashtaka amezitazama zile kurasa akazirudisha. Nguo za Mama wa Jikoni zilikuwa zimekwisha kwenda dobi pamoja na za wenzake 200. Stoo ilikuwa imepigwa deki. Sheria ya jimbo letu, kama za majimbo mengi mwanzoni mwa miaka ile, haikuwa na kifungu cha kusema kwamba askari akilala na mfungwa ni jinai, akubali asikubali. Askari akasema yule mwanamke alikubali. Kisha akaandika barua ya kuacha kazi, na kwa kuwa si mtumishi tena, jalada likafungwa. Miezi michache baadaye nikasikia anafunga pingu watu kwenye mahabusu ya wilaya ya jirani.

Mama wa Jikoni alipelekwa chumba cha kutengwa "kwa usalama wake". Kitanda cha chuma, saa moja ya kutoka nje kwa siku, simu kwa watoto wake mara moja kwa wiki badala ya kila jioni. Kazi ya jikoni akapewa mwingine. Aliyembebea mfuko wa vitu vyake mpaka kule ni mimi.

Haikuwa aibu ya gereza letu peke yake. Miaka miwili nyuma, Georgia, wafanyakazi kadhaa wa gereza la wanawake la Hardwick walikuwa wameshtakiwa, na wanawake zaidi ya 200 wakajitokeza kueleza yaliyowapata. Desemba ya mwaka huo huo wa 1994, Jaji June Green wa Washington alitoa hukumu dhidi ya serikali ya mji huo kwa namna wafungwa wake wanawake walivyokuwa wakinyanyaswa. Hukumu ikiwa bado mbichi, Julai 1995, katika jela ya mji huo huo walinzi waliwalazimisha wanawake kucheza wakiwa uchi mbele ya wenzao. Mwaka 1996 shirika la Human Rights Watch likachapisha ripoti nene juu ya majimbo matano pamoja na Washington. Nilikopeshwa nakala na mchungaji aliyekuwa akija gerezani Jumatano. Niliisoma chooni, zamu ya usiku, mlango nimeufunga. Kila gereza mle ndani lilikuwa na stoo yake.

Septemba 2003 Rais George W. Bush alitia sahihi sheria ya kutokomeza ubakaji magerezani, na ghafla wakubwa wetu wakahitaji watu wa kwenda kusoma. Mimi wakati huo nilikuwa nimehamishiwa kitengo cha upelelezi wa ndani, cheo kikubwa, ofisi ndogo isiyo na dirisha. Kiangazi kimoja katikati ya muongo huo tukapelekwa Washington, kwenye shule ya sheria ya American University, kwa mafunzo yaliyogharimiwa na Taasisi ya Taifa ya Magereza. Mradi ule uliongozwa na Profesa Brenda V. Smith, mwanasheria ambaye kabla ya kufundisha alikuwa miongoni mwa mawakili wa wale wanawake wa kesi ya Jaji Green. Nilipolijua hilo nilikaa sawasawa kwenye kiti.

Hukuruhusiwa kwenda peke yako. Kila idara ilipeleka kikosi: mpelelezi, mtu wa utumishi, mkubwa wa gereza, na ikiwezekana mwendesha mashtaka. Mwanzoni niliona ni kujaza basi tu. Siku ya pili nikaelewa kwamba hao ndio watu wanaoharibiana kazi, kwa hiyo dawa ni kuwakalisha meza moja.

Somo lililonikata maini lilikuwa la Garrity. Garrity ni jina la kesi. Polisi wa New Jersey walishukiwa kufuta faini za barabarani kinyemela, wakaambiwa wajibu maswali au wafukuzwe kazi. Wakajibu, majibu yakawatia hatiani. Mwaka 1967 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema: maneno aliyoyatoa mtumishi wa umma kwa kutishiwa kazi yake hayawezi kutumika kumshtaki kwa jinai. Mwajiri anaweza kumlazimisha aseme, na anaweza kumfukuza kwa alichosema. Lakini akishamlazimisha, mwendesha mashtaka hagusi karatasi ile, wala chochote kilichochipuka kutokana nayo. Kwa hiyo mpelelezi ana milango miwili. Mmoja ni wa jinai, ambapo mtu aliye chini ya ulinzi anaonywa kwamba ana haki ya kunyamaza. Mwingine ni wa nidhamu kazini, ambapo anaamriwa kusema. Ukianza na huu wa pili, ule wa kwanza umejifungia kwa nje.

Mwalimu aliyafafanua hayo kwa upole, kwa mchoro ubaoni. Mimi nilikuwa namwona mkuu wetu wa gereza anasukuma karatasi juu ya meza. Hasira zake njema, dakika kumi za hasira njema. Mwenzangu wa utumishi aliniuliza kama najisikia vibaya, nikamwambia ni kiyoyozi.

Tulifundishwa mambo ya mikono pia. Nguo za ushahidi zitiwe kwenye mfuko wa karatasi, usitumie nailoni, maana nailoni inahifadhi unyevu na unyevu unaozesha. Mwathiriwa asioge, asipige mswaki, asibadili nguo mpaka aonwe na muuguzi aliyesomea kazi hiyo. Na jinsi ya kuhoji: usianze na "kwa nini", maana "kwa nini hukupiga kelele" tayari ni hukumu. Mwache aanzie anapotaka, hata kama anaanza na harufu ya unga. Katika zoezi moja niliigiza mfungwa, na aliyenihoji alikuwa mpelelezi mzee mwenye miaka 20 ya kesi za mauaji. Maswali yake yalikuwa mazuri yote. Lakini alisimama kati yangu na mlango, funguo zikimcheza kiunoni. Nilijua ni mchezo, na bado nilisahau nilichokuwa nimeandikiwa kusema. Tangu siku hiyo funguo zangu ninazivua na kuziacha kwa karani kabla sijakaa na mtu.

Tulibishana kutwa nzima juu ya neno moja: alikubali. Bwana mmoja kutoka kusini alisema wazi ambacho wengi walikuwa wakikimeza, kwamba wako wanaojitakia, wanaomvizia askari ili wapate sigara. Hakuzomewa. Aliulizwa tu: askari huyo akitaka kesho kumwandikia mfungwa huyo kosa, anaweza? Anaweza. Akitaka kumzuilia barua? Anaweza. Na mfungwa akisema hapana, anaondoka anakwenda wapi? Bwana yule alitazama mikono yake. Nilitamani kumwambia kwamba kwetu Tanzania Bunge lilikuwa limekwisha kulitamka hilo mwaka 1998, katika sheria ya makosa ya kujamiiana: mtumishi wa mahali wanapowekwa watu kizuizini akitumia nafasi yake kumwingilia mwanamke aliyemo humo ni mbakaji. Kenya nao wakaja kuliandika katika kifungu cha 24 cha sheria yao ya 2006. Karatasi na maisha ni vitu viwili, najua. Hata hivyo nilijisikia fahari kidogo. Sheria ya shirikisho ya Marekani mpaka mwaka 2005 iliona kosa hilo linastahili kifungo kisichozidi mwaka mmoja, na waendesha mashtaka wengi hawakuona faida ya kusumbukia.

Lakini kama ningeulizwa nilirudi na nini hasa, ningesema daftari. Kabla ya Washington, kila malalamiko yaliishia pale pale: neno la mfungwa dhidi ya neno la askari, na neno la mfungwa ni jepesi hata kabla hajafungua mdomo. Tukaambiwa: acheni kusubiri nani ataaminika. Gereza ni mahali panapoandika kila kitu. Nani alichukua ufunguo gani, saa ngapi, akaurudisha saa ngapi. Nani alibadilishana zamu na nani. Simu zote zinarekodiwa. Kila senti inayoingia kwenye akaunti ya mfungwa ya duka la gereza ina jina la aliyeituma. Kaa na hivyo kwanza, wiki mbili, kimya. Watu uwafuate mwisho.

Haikupita muda tukapata kikaratasi kwenye sanduku la maoni, mwandiko wa kuficha: tazameni dobi Jumanne.

Safari hii hatukumwita mtu. Nilimpigia mwendesha mashtaka tuliyekaa naye meza moja Washington, kisha nikajifungia na makaratasi. Kulikuwa na askari aliyebadilishana zamu ili apate Jumanne usiku mara kumi na moja ndani ya miezi minne. Kitabu cha funguo kilionyesha ufunguo wa stoo ya dobi: umetoka 22:50, umerudi 23:35, sahihi yake. Wiki iliyofuata, 22:45 mpaka 23:40. Katika dakika hizo redio yake haikusikika hata mara moja, wakati daftari la bweni linaonyesha aliitwa mara mbili. Mfungwa mmoja wa dobi, kijana wa miaka 24 asiye na ndugu wa kumtumia kitu, alikuwa amewekewa dola 40 kila mwisho wa mwezi na mwanamke fulani. Anwani ya mwanamke huyo ilikuwa ileile ya askari, nyumba namba ileile. Alikuwa dada yake. Nilipoziweka karatasi hizo nne sambamba mezani mikono ilinitetemeka, na hakuna binadamu aliyekuwa amefungua kinywa.

Msichana tulimtoa kwa kisingizio cha daktari wa meno ili wenzake wasishtuke. Nikavua funguo. Nikakaa mbali na mlango.

"Hakuna kitu, Miss T," akasema kabla sijauliza.

Nikamwambia hakuna haraka. Tukakaa. Alikuwa anachuna ngozi ya kidole gumba, na vidole vyake vilikuwa vimechunwa na sabuni tayari. Baada ya muda mrefu akauliza, "Mtanipeleka kutengwa?" Nikasema hapana, nina karatasi ya mkuu inayosema hapana, hii hapa, isome. Aliisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Ndipo akaanza, akianzia na mashine ya kukaushia namba tatu, iliyokuwa ikipiga kelele kuliko zote.

Alikuwa anampenda. Sikutayarishwa kwa hilo, ingawa tulifundishwa. Alisema ameahidiwa nyumba. Nilipomweleza kwamba sheria haimwoni kama mkosaji alikasirika, akaniambia mimi nina wivu. Wapelelezi vijana niliowafundisha baadaye walipenda kuruka sehemu hii. Walitaka mwathiriwa anayelia.

Askari alikiri mahakamani baada ya kuoneshwa kitabu cha funguo, akafungwa. Dada yake alilia kortini. Mengine ya kesi hayana maana hapa.

Kanuni za sheria ile ya 2003 zilichukua muda, zikatoka 2012, na nilipozisoma niliyakuta yale ya Washington yamekuwa amri: wapelelezi wafundishwe onyo la Garrity, ushahidi upimwe kwa mizani ya uwezekano, askari akiacha kazi uchunguzi uendelee, aliyelalamika alindwe na visasi kwa siku zisizopungua 90, aambiwe matokeo. Nilishangilia. Nimeishi vya kutosha kuona pia kwamba mkuu wa gereza la shirikisho la Dublin, California, Ray Garcia, alikuwa akisimamia mafunzo ya sheria hiyohiyo huku akiwanyanyasa wafungwa wake. Alitiwa hatiani Desemba 2022, na Aprili 2024 gereza likafungwa. Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Ukinipa kuchagua kati ya semina kumi na kufuli ya ofisi ya upelelezi ambayo mkuu wa gereza hana ufunguo wake, nitachukua kufuli.

Matokeo yale nilimpelekea msichana wa dobi mwenyewe, karatasi moja, neno moja katikati: yamethibitika. Aliikunja akaiweka ndani ya Biblia. Kisha akaniuliza swali ambalo sikujua limetoka wapi. Magereza yana kumbukumbu ndefu. Waliokaa miaka 20 huwasimulia waliokuja jana.

"Na yule wa jikoni? Yake ilisemaje?"

Nikamwambia nitatazama. Jalada halikuwepo, muda wake wa kuhifadhiwa ulikuwa umepita. Lakini madaftari ya bweni yalikuwa yamerundikwa chini ya ngazi za ghala, jalada jeusi juu ya jalada jeusi, yakinuka panya. Nikalipata la 1994. Nikaupata usiku wenyewe. Uzi wa kalamu ulikuwa bado umening'inia.

Saa 5:30 usiku: mfungwa mmoja amehamishiwa kutengwa. Hana malalamiko. Saa 6:00: hakuna la kuripoti. Saa 6:30: hakuna la kuripoti. Mpaka alfajiri, mwandiko safi, ulionyooka, na mwisho wa kila mstari sahihi yangu.